Kabla Hujamlipa Wakili wa Uhamiaji: Hotuba kwa Watu wa Malindi

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu na vijana, assalamu alaikum. Ndugu zetu Wakristo, nawasalimu katika jina la Bwana. Ahsanteni kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja. Nawaona watu wa Mambrui, wa Gede na wa Watamu, na nimeambiwa wapo waliovuka Mokowe kwa mashua wakapanda basi kutoka Lamu. Karibuni sana.

Mimi ni wakili. Kazi yangu ya kila siku ni kukaa na watu wanaotaka kwenda Marekani, Uingereza, Italia au Kanada, na wageni wanaotaka kuishi kwetu. Waandalizi wameniomba nijibu yale yanayoulizwa zaidi: wakili wa uhamiaji ni nani, anahitajika lini, analipwaje, na mambo yenyewe yanakwendaje. Nitajibu. Ila kuna jambo moja naomba mlishike tangu sasa, maana majibu yote yatatoka hapo. Fomu ya uhamiaji ina jina lako. Haina jina la wakala, wala la binamu aliyekusaidia kuijaza, wala langu mimi. Kilichoandikwa mle, serikali unayoiomba itahesabu umekisema wewe. Hata kama mwingine alikuandikia uongo bila wewe kujua, atakayewekwa pembeni uwanja wa ndege na kuulizwa ni wewe.

Basi, je, ni lazima kuwa na wakili? Mara nyingi, hapana. Kijana aliyepata nafasi chuoni na ada yake inajulikana inatoka wapi, mama anayekwenda kumtembelea mwanawe wiki tatu, mtu anayeomba pasipoti kwenye eCitizen, hawa wote waweke pesa zao mfukoni. Wanachohitaji ni kusoma maelekezo pole pole, na kama Kiingereza kinasumbua, amtafute mtoto wa jirani aliyemaliza kidato cha nne wakae wasome mstari kwa mstari. Viza ya kutembelea Marekani ni dola 185 tangu 2023, na pesa hiyo hairudi ukikataliwa. Sheria yao inamchukulia karibu kila mwombaji wa viza ya muda kuwa anataka kuhamia kabisa, mpaka yeye mwenyewe aonyeshe kinyume. Asipomridhisha afisa, anakataliwa kwa kifungu cha 214(b), na uamuzi huo hauna rufaa. Unaweza kuomba upya hali yako ikibadilika. Anayekuambia atakukatia rufaa ya 214(b) anakuuzia kitu kisichokuwepo. Na kwenye mahojiano ya ubalozi kule Nairobi, wakili hasimami nawe dirishani. Pale ni wewe, pasipoti yako na maneno yako.

Wakili anahitajika pale historia yako inapokuwa na kona. Ulishakataliwa na hujui kwa nini. Uliwahi kukaa nchi ya watu kupita muda uliopewa. Uliwahi kukamatwa, hata kama kesi ilifutwa. Ulisafiri zamani kwa jina jingine. Umeoa au umeolewa zaidi ya mara moja. Una mtoto ambaye baba yake hayumo kwenye cheti cha kuzaliwa. Unaogopa kurudi kwenu na unataka kuomba hifadhi. Na Marekani, kwa kawaida, hifadhi huombwa ndani ya mwaka mmoja tangu uingie. Au umepokea barua ya mahakama. Hapo usibahatishe.

Nieleze hili la kukaa kupita muda, kwa sababu linavunja familia nyingi za pwani. Kwa sheria ya Marekani ya 1996, aliyekaa bila ruhusa zaidi ya siku 180 lakini hajatimiza mwaka, kisha akaondoka, anafungiwa mlango miaka 3. Aliyekaa mwaka au zaidi anafungiwa miaka 10. Sikilizeni vizuri: kifungo hicho kinamshika anapoondoka. Sasa chukueni kijana wa hapa Maweni. Aliingia kihalali kwa viza ya kutembelea, akakaa kupita muda aliopewa zaidi ya mwaka mmoja, amemuoa raia wa kule. Nyumbani wanampigia: mamako hali si nzuri, njoo umuone. Sisi tunaompigia tunadhani tunamwita kwa wiki mbili, kumbe huenda tunamwita kwa miaka 10. Na pengine, kwa kuwa aliingia kwa mlango na ameoa raia, angeweza kumalizia mambo yake kule kule bila kutoka. Saa moja na wakili wa huko ingemwambia hivyo kabla hajakata tiketi. Tafadhali, mkimpigia mtu aliye ng'ambo mkamwita nyumbani, swali la kwanza liwe: umeongea na wakili?

Sasa wakili mwenyewe ni nani. Mimi nimesajiliwa Kenya. Naweza kukusaidia na sheria za Kenya, kukutengenezea hati za kiapo, kusahihisha vyeti vyako, kukupangia ushahidi wa ndoa au wa uzazi, na kukueleza fomu inakuuliza nini. Siwezi kukuwakilisha katika mahakama ya Marekani wala ya Italia, na wakili yeyote wa mjini hapa akikuambia anaweza, muulize amesajiliwa wapi huko. Kuuliza si utovu wa adabu, hata ukiwa unaongea na mzee mwenye suti na ofisi yenye kiyoyozi. Wakili wa Kenya huchukua leseni kila mwaka, na Chama cha Mawakili kina ukurasa kwenye tovuti yake ambapo unaandika jina unaona kama leseni iko hai. Ni dakika mbili kwa simu. Akikudhulumu, ipo Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu.

Marekani, sheria ya uhamiaji ni ya taifa zima. Wakili aliyesajiliwa Ohio anaweza kumsimamia mtu aliye Texas, hata aliye hapa Malindi. Jina lake linatafutwa kwenye chama cha mawakili cha jimbo alikosajiliwa. Anapoanza kazi yako anajaza fomu G-28, inayoiambia idara ya uhamiaji kwamba fulani ni mteja wangu. Anayechukua pesa yako kisha akakataa kuandika jina lake kwenye G-28 amekwisha kukujibu kuhusu uaminifu wake. Kuna pia watu wasio mawakili walioidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani kufanya kazi hii kupitia mashirika ya hisani, kwa bei ndogo au bure. Ndugu zenu walio huko na hawana uwezo waambieni waulizie hao. Kwenye mahakama ya uhamiaji mtu ana haki ya kuwa na wakili, lakini serikali haimlipii.

Uingereza wao wamelifanya kosa la jinai, tangu sheria ya 1999, kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa. Mamlaka inayosimamia washauri wasio mawakili iliitwa OISC, na tangu Januari 2025 inaitwa Immigration Advice Authority. Kanada wana chombo chao kinachosimamia washauri walioidhinishwa, kilichoanza kazi 2021, na mwakilishi wako lazima atajwe kwenye fomu. Orodha zote hizi ziko wazi mtandaoni.

Kwa Italia nitasema zaidi kidogo, maana hapa ni Malindi. Tangu Waitaliano walipojenga kituo chao cha roketi pale Ngomeni miaka ya 1960, na mahoteli yakafuata, tuna watu Kiitaliano kinawatoka kama maji. Jambo zuri, limewalisha wengi. Lakini kujua Kiitaliano hakumfanyi mtu ajue sheria ya Italia. Nimeona mabinti wakimkabidhi ndoa yao, pasipoti yao na akiba yao mtu ambaye sifa yake ni kwamba alikuwa mhudumu wa mapokezi hotelini. Wakili wa Italia ni yule ambaye jina lake limo kwenye orodha ya mawakili wa mji wake, na orodha hiyo inasomwa na mtu yeyote. Binti akifika Italia kwa viza ya kukaa, ana siku 8 za kazi kuomba kibali cha ukaazi. Uraia kwa ndoa huombwa baada ya miaka 2 ya kuishi huko pamoja, au 3 kama wanaishi nje, na muda huo hupungua nusu wakiwa na mtoto. Tangu mwisho wa 2018 anayeomba lazima pia aonyeshe anajua Kiitaliano kiwango cha B1, yaani cha kati. Dada zangu, mwenzako akikuambia ukifunga ndoa leo kesho wewe ni Mtaliano, hajui anachosema.

Nirudi kwenye fomu, maana ndipo roho ya maneno yangu ilipo.

Fomu ya viza ya muda ya Marekani inaitwa DS-160, inajazwa kwenye kompyuta. Mle ndani kuna swali: je, umewahi kunyimwa viza ya Marekani? Vyumba viwili, ndiyo na hapana. Kijana amekaa saibakafe nyuma ya wakala, wakala ndiye ameshika kipanya. Kijana anasema, nilinyimwa mwaka juzi. Wakala anasema, ukisema ndiyo watakunyima tena, na anabofya hapana. Kisha kuna swali jingine: je, kuna mtu amekusaidia kujaza fomu hii? Hapo pia anabofya hapana. Mwishoni sheria inamtaka mwombaji mwenyewe athibitishe kwamba yote ni kweli. Wakala anabofya hapo pia, anachapisha ile karatasi yenye msimbo, anachukua pesa yake.

Huyo kijana angesema ndiyo, asingepoteza kitu. Kunyimwa mara ya kwanza hakukufungii. Na wale wanaojua kwamba alinyimwa ndio wale wale waliomnyima; alama za vidole vyake wanazo. Nchi hizi kubwa zinapeana taarifa, Marekani, Uingereza, Kanada, Australia na New Zealand, kwa hiyo ulichoficha London kinaweza kuonekana Ottawa. Lakini sasa amesema uongo juu ya jambo la msingi, na sheria ya Marekani kwa uongo wa namna hiyo inaweza kumfungia maisha yake yote, isipokuwa apate msamaha maalumu ambao si kila mtu anastahili kuuomba. Kanada ni miaka 5. Ametoka kwenye kunyimwa kwa kawaida, ambako wengi hukupitia, akaingia kwenye kifungo, kwa sababu ya kubofya kwa mtu ambaye hata jina lake kamili halijui.

Ndiyo maana nasema, fomu isiondoke kabla hujasomewa yote, kwa lugha unayoielewa, na kubaki na nakala. Ukiambiwa hakuna muda, ondoka.

Bahati nasibu ya grinikadi, yaani kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu, ina ujanja wake. Mpango huo uliwekwa na sheria ya 1990, na uliwekewa ukomo wa viza 55,000 kwa mwaka, ingawa serikali yao inaweza kuubadilisha au kuusimamisha, kwa hiyo angalieni tovuti yao rasmi wenyewe. Kushiriki hakuhitaji wakili hata kidogo. Kinachofanyika mitaani ni kwamba wakala anaandikisha vijana wengi kwa barua pepe yake mwenyewe, na ile namba ya uthibitisho anaishika yeye. Kijana akichaguliwa hajui. Wakala anakuja na masharti: lipa kiasi hiki, au muandikishe binti huyu kuwa mke wako aende nawe. Kijana akikubali, ameua bahati yake kwa mkono wake, maana maafisa wanaijua ndoa hiyo iliyochipuka baada ya ushindi. Na kama una mke na watoto wa kweli, wote lazima waandikwe tangu siku ya kushiriki, ukiwaacha unapoteza. Serikali ya Marekani haikutumii ujumbe kwamba umeshinda, wala hailipwi kwa M-Pesa. Unaingia kwenye tovuti na namba yako mwenyewe, unaangalia. Na kuchaguliwa ni kupata foleni tu. Viza isipotoka kufikia tarehe 30 Septemba ya mwaka husika, imekwenda.

Pesa. Nimeulizwa wakili anatoza ngapi. Sitataja bei, kwa sababu inategemea kazi, ila nitawaambia mnachopaswa kusikia kabla hamjatoa hata shilingi. Kazi gani hasa anafanya, na inaishia wapi? Ada yake ni kiasi gani, na ada ya serikali kiasi gani, kila moja peke yake? Tafsiri, uchunguzi wa afya na usafiri nani analipa? Ikikataliwa, je, kuomba tena ni bei mpya? Yote hayo yawe kwenye mkataba, na ukilipa upewe risiti. Wakili mwaminifu hakuhakikishii viza. Anaweza kukuambia kesi yako ina nguvu au ni dhaifu, na kwa nini. Atakayesema nina mtu wangu ubalozini, muogopeni.

Kuhusu ada za serikali, toeni macho. Mume raia wa Marekani akimuombea mke kwa fomu I-130, ada tangu Aprili 2024 ni dola 675 kwa karatasi, au 625 kwa mtandao. Idara ikiipokea fomu inatoa risiti yenye namba, herufi 3 zikifuatwa na tarakimu 10. Namba hiyo ukiiandika kwenye tovuti yao unaona faili limefika wapi, wewe mwenyewe, ukiwa nyumbani kwako. Alinijia mama mmoja wa Watamu na daftari la shule, amenakili mle kila ujumbe wa M-Pesa aliomtumia jamaa aliyekuwa akishughulikia karatasi za kumfuata mumewe. Kurasa na kurasa, tarehe, kiasi, na pembeni ameandika kwa penseli alichoambiwa siku ile: "faili liko hatua ya mwisho," "mkubwa amesafiri," "bado sahihi moja." Nikamuuliza, namba ya kesi iko wapi? Hakuwahi kupewa. Tukamuuliza mumewe. Hakuna fomu iliyowahi kupelekwa. Mama yule hakuwa mjinga, aliandika hesabu zake kwa usafi kuliko makarani wengi. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba namba hiyo ipo na ni haki yake.

Na kwa mambo ya hapa nyumbani, kama cheti cha maadili mema cha polisi, malipo ya serikali yanakwenda eCitizen, paybill 222222. Hayapiti kwenye namba ya simu ya mtu.

Sasa nifike kwenye karatasi zetu, ambako kesi nyingi za pwani hukwama kabla hata ya kufika ubalozini. Tuseme mzee ana kitambulisho kinachosema Mohamed Omar Bakari. Cheti cha kuzaliwa cha mwanawe kinamwita Muhamadi Omari. Cheti cha ndoa kinasema Mohammed O. Abubakar. Kwetu sisi huyo ni mtu mmoja, na mtaa mzima unamjua. Afisa aliyekaa ng'ambo anaona watu watatu. Tofauti ndogo ya herufi hutulizwa kwa hati ya kiapo. Tofauti kubwa husahihishwa kwenye cheti chenyewe kwa msajili, au kwa kubadilisha jina kisheria na kutangazwa kwenye gazeti la serikali. Yafanyeni haya kabla ya kuomba viza. Ukisahihisha katikati ya safari, afisa anajiuliza kwa nini majina yamebadilika leo.

Halafu kuna vyeti vilivyochelewa. Sheria yetu inataka mtoto aandikishwe ndani ya miezi 6. Wengi wetu, hasa waliozaliwa nyumbani kwa wakunga, visiwani Faza na Kizingitini au vijiji vya ndani huku, tuliandikishwa tukiwa watu wazima, tena kwa sababu ya kutafuta kitambulisho, na ndugu zetu Wabajuni wanajua walivyosumbuliwa hapo. Cheti kilichotolewa mtu akiwa na miaka 30 ni halali, lakini ubalozi utataka kitu cha kukiunga mkono. Kadi ya kliniki, hata kama imeliwa na mchwa pembeni. Rejista ya shule ya msingi. Cheti cha ubatizo. Daftari la madrasa lenye jina la mtoto na la baba. Msitupe kitu. Na ubalozi wa Marekani ukipendekeza kipimo cha DNA kuthibitisha uzazi, kifanyike kwa utaratibu wao. Ulichojipimia kwingine hawakipokei.

Ndoa. Waislamu, nawaomba mnisikilize. Nikahi iliyofungwa nyumbani mbele ya mashahidi ni ndoa mbele ya Mungu, na sina la kusema juu yake. Lakini Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa zote ziandikishwe, na ubalozi unataka cheti cha serikali kutoka kwa Kadhi au msajili aliyeidhinishwa kisheria. Karatasi yenye muhuri wa msikiti haitoshi. Talaka vilevile. Mwanamke aliyeachwa kwa mdomo miaka kumi iliyopita, akaolewa tena, ataulizwa: talaka ya kwanza iko wapi? Asipokuwa nayo, ndoa yake ya sasa inatiliwa shaka. Nenda kwa Kadhi uiandikishe. Ndugu zangu Wamijikenda, ndoa ya mahari na mila nayo inaandikishwa chini ya sheria hiyo hiyo, tumieni haki hiyo. Na mwenye wake wawili ajue mapema kwamba Marekani haiitambui ndoa ya pili. Ni heri nyumba izungumze jambo hilo leo kuliko kulisikia dirishani.

Muda je? Mke au mume wa raia wa Marekani, mtoto wake ambaye hajaoa na yuko chini ya miaka 21, na mzazi wa raia aliyetimiza miaka 21, hawana ukomo wa idadi kwa mwaka. Kwao ni miezi ya kushughulikia faili, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Ndugu wa raia ndiye anayeumia: waliokuwa wakifikiwa na foleni mwaka 2025 waliombewa karibu 2007. Kwa hiyo kaka akikuambia amekuombea, mshukuru, na uendelee na maisha yako. Anayeingia kwa ndoa ambayo haijatimiza miaka 2 anapata grinikadi ya miaka 2 tu, na ndani ya siku 90 kabla haijaisha lazima waombe kuondolewa sharti hilo. Wengi husahau tarehe hiyo. Uingereza, anayemleta mwenzake anatakiwa, tangu Aprili 2024, kuwa na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka kwa kawaida, na mwombaji kutoka Kenya anayekwenda zaidi ya miezi 6 hupimwa kifua kikuu kwanza.

Mzee mmoja ameniletea swali kwenye karatasi, nalisoma: "Mkwe wangu Mtaliano ameishi na binti yangu hapa miaka minne. Je, si Mkenya sasa?" Bado, mzee wangu. Katiba ya 2010 inampa aliyeoa au kuolewa na Mkenya haki ya kuomba uraia baada ya miaka 7 ya ndoa. Baada ya miaka 3 anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Kabla ya hapo awe na kibali, na kibali cha kukaa si kibali cha kufanya kazi. Akifungua mgahawa akiwa ameingia kama mtalii, atakamatwa, na binti yako atabaki na madeni. Binti naye asiogope: Katiba hiyo hiyo, ibara ya 16, inasema Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine.

Swali la mwisho limetoka kwa dada aliyekaa nyuma, na ameomba nisimtaje. Anauliza juu ya mtoto ambaye baba yake Mtaliano alikwenda kwao asirudi. Dada, hauko peke yako katika mji huu, na huna cha kuonea haya. Mtoto wako ni Mkenya kamili kupitia kwako, hilo hakuna anayeweza kuligusa. Kuhusu jina la baba, Mahakama Kuu mwaka 2016 iliamua kwamba kifungu kilichozuia jina la baba asiyefunga ndoa kuingia kwenye cheti kinakiuka Katiba. Upande wa Italia, baba anaweza kumtambua mtoto mbele ya afisa wa usajili, kwa hati rasmi, hata kwa wasia. Akikataa, mtoto anaweza kwenda mahakamani kule kuomba itamkwe kwamba huyo ni baba yake, na kwa mtoto mwenyewe haki hiyo haiishi kwa kupita miaka. Lakini uraia wa Italia ni rahisi zaidi akitambuliwa kabla ya kutimiza miaka 18. Baada ya hapo anapewa muda mfupi tu wa kuuchagua. Hii ni kesi ya wakili wa kweli, tena wawili, mmoja huku na mmoja kule. Weka barua zake, picha, risiti za pesa alizotuma, jina la hoteli au nyumba aliyokaa, nakala ya pasipoti kama unayo. Mtoto ana miaka mingapi? Kumi na sita. Basi Jumatatu asubuhi, usingoje.

Nimemaliza ya kusema. Nje chini ya mwarobaini kuna meza tatu. Mawakili wenzangu wawili wamejitolea kukaa nami mpaka saa kumi jioni kuangalia karatasi zenu, bila malipo. Msiache vyeti vyenu halisi kwa mtu yeyote, hata kwetu. Tutasoma mbele yenu na kuwarudishia. Wenye barua za mahakama za ndugu walio Marekani waje meza ya kwanza, sasa hivi, kwa sababu barua hizo zina tarehe. Aliyehama nyumba kule akumbushwe kuipa mahakama taarifa ya anwani mpya ndani ya siku 5, na idara ya uhamiaji ndani ya siku 10, maana asipofika mahakamani kwa kuwa barua ilikwenda nyumba ya zamani, anaweza kuamriwa kufukuzwa akiwa hayupo. Wenye mambo ya Italia, meza ya katikati. Wengine wote njooni kwangu, na kama mtu alikujazia fomu, njoo na nakala yake.